Kabla ya Paa la Kanisa

Kwetu Solo, mji wa kisiwa cha Java huko Indonesia, mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa "hapana". Anazunguka. Mgeni akikaa kupita kiasi, unamwuliza kama mvua haitamkuta njiani, naye anatafuta viatu vyake. Mimi nililelewa vizuri mno, ndiyo maana siku ile nusura niue watu kumi na mmoja kwa adabu.

Nilikuwa rubani msaidizi wa Kapteni Hardjito, mtu wa Solo kama mimi, mwenye miaka thelathini ya kuruka juu ya milima ya Papua. Tulikuwa tunashuka kwenye kiwanja kifupi cha matope kinachoishia kwenye ukuta wa mlima. Kabla ya kiwanja kuna kanisa la paa la bati. Ukishalipita paa lile, huwezi tena kugeuza. Ni kutua tu, utake usitake.

Nikautazama mfuko wa upepo kando ya kiwanja, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unavumia wapi. Umejaa, unaelekea mlimani. Maana yake upepo uko mgongoni mwetu na utatusukuma hadi ukutani.

"Pak," nikasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa kwa heshima, "ule mfuko wa upepo leo umeshiba kweli."

"Afadhali huo mfuko. Mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Nikajaribu tena. "Na mlima naona kama umesogea."

"Mlima uko palepale, mwanangu. Kula karoti, macho yapone."

Nilitamani kumzaba kofi, na papo hapo nikajionea haya. Nyuma yetu abiria tisa walikuwa wanatuamini, mmoja wao mtoto aliyepakatwa na mama yake. Paa lilikuwa linakuja. Nikaanza rasmi.

"Samahani sana, Pak, bila kukukosea heshima, na kwa kuwa mimi ni mdogo na bado najifunza kwako, kama itakupendeza..."

Sentensi ilikuwa nzuri. Tatizo lake ilihitaji kiwanja kirefu kuliko tulichokuwa nacho. Nikaikata.

"Upepo uko mgongoni. Geuza, Pak. Sasa hivi."

Akageuza. Injini zikanguruma, ndege ikalala ubavu, na kuku wa mchungaji wakatawanyika chini yetu.

Tukazunguka juu ya bonde dakika ishirini. Nilishaanza kufikiria kazi nyingine ninayoiweza. Mfuko ulipolegea, tukatua. Hata bila upepo ule, magurudumu yaliteleza kwenye matope, na pua ya ndege ikasimama hatua kumi kutoka ukutani.

Kapteni akazima injini. Akautazama ukuta.

"Nisamehe, Pak," nikasema. "Nilikuamrisha kana kwamba wewe ndiye mtoto."

"La mfuko nilikuelewa," akasema. "Na la mlima nilikuelewa."

"Ulielewa? Sasa mbona hukugeuza?"

"Nilikuwa nakukatalia kwa adabu. Nikadhani na wewe umenielewa."

Nyuma, yule mtoto alianza kulia, na mama yake akambembeleza kwa wimbo. Kapteni akasikiliza kidogo, akajifuta jasho.

"Kesho," akasema, "anzia hapo kwenye 'geuza'."