Moto wa Anastasie

Mwaka 1949, pale Karuba, watu walikubaliana kwamba moto wa mjane Anastasie una laana. Aliyekwenda kwake asubuhi kuomba kijinga cha moto, kisha akakata njia kupitia bondeni, alifika chini kimezimika. Mbuzi watatu wa jirani yake Sebarenzi, waliofungwa humo bondeni wasipigwe na upepo, walikutwa wamekufa bila jeraha. Wanaume wakashuka saa sita mchana kuchunguza, hawakuona kitu, wakapanda na jibu walilokuwa nalo tangu nyumbani: yule mjane ahame kabla ya misa ya Jumapili.

Mjukuu wake Béata, msichana wa miaka kumi na sita, alilia siku moja tu. Ya pili akamfuata binamu yake Evode.

“Batu banasema koko iko mulozi,” alimwambia, akimtaja bibi yao. “Mimi nataka kuona kwa macho.”

Alfajiri, umande ukiwa haujakauka, walichukua kijinga kwa bibi yao wakashuka. Béata alikishika ubavuni, ncha ya moto ikielekea chini, kama kila mtu. Walipofika chini, kikafa.

“Njo ile laana,” Evode alisema.

“Ao ni hii bonde. Kesho tunarudia.”

Kesho yake njia ilikuwa na utelezi. Evode akakiinua kijinga juu ya kichwa ili asijichome akianguka, wakavuka mpaka ng’ambo kikiwaka vizuri. Béata alimrudisha chini papo hapo, akamwamuru akishushe polepole. Kifuani kiliwaka. Kilipofika magotini, kikazimika.

“Pepo gani inaogopa kupanda mupaka kifuani?” Béata aliuliza. Mbuzi, aliwaza, hawafiki kifuani mwa mtu.

Ikabaki Jumamosi. Asubuhi na mapema Béata alisimama mlangoni kwa Sebarenzi.

“Papa, minakuya kuomba moto,” alimwambia kwa heshima.

Sebarenzi alimtazama vibaya, lakini pale vilimani hakuna anayemnyima mwenzake moto wa asubuhi, hata wakiwa wamegombana. Akampa kijinga kikubwa.

“Unapeleka wapi?”

“Mule mu bonde. Mukuye muone.”

Alikuja, na majirani nyuma yake. Béata alikishusha kijinga mbele yao wote mpaka magotini. Moto wa Sebarenzi, uliolala jikoni kwa Sebarenzi, ulikufa vilevile. Evode akainua juu kijinga alichokitoa kwa Anastasie, nacho kikaendelea kuwaka.

“Hewa mubaya inalala hapa chini asubuhi,” Béata alisema. “Saa sita upepo inaifukuza, njo maana hamukuiona. Mbuzi zenu munazifunga ndani yake wenyewe.”

Béata aliondoka bila kusubiri, kwa maana hakuwa na hamu ya kuwasikia.

Nyumbani Anastasie alikuwa amekwisha kukunja mkeka na kumwagia maji mafiga, tayari kwa safari ya kuhamia Kingi. Hata moshi haukuwapo.

Baadaye kidogo Sebarenzi alitokea mlangoni akihema. Alikuwa amezunguka njia ndefu ya mlimani, kijinga kikiwaka mkononi. Anastasie alimtazama, akamwacha asimame hapo mpaka moto ulipoanza kumkaribia vidole.

“Ingia, Papa,” alisema, akimwonyesha mafiga. “Weka pale.”