Sita Juu, Sita Chini

Kitanda cha sita kilikuwa na wagonjwa wawili, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Wodi nzima ililala hivyo, na majina yalishasahaulika. Wa upande wa kichwani aliitwa Sita Juu, wa miguuni Sita Chini.

Sindano ya kushusha sukari ilikuwa ya Sita Juu, mwenye kidonda mguuni. Lakini alfajiri walibadilishana upande wenyewe, mguu mbovu ukae ukutani usigongwe na wapitao. Muuguzi alikuwa peke yake. Mwenzake alihamishwa na hakuletwa mwingine. Alifika mbio mbio akasema, "Sita Juu, mkono," na bibi aliyelala kichwani akautoa.

Baadaye bibi akaanza kutetemeka, jasho linamchuruzika, maneno yanamgongana mdomoni. Hapo ndipo muuguzi alipofunua shuka akatazama miguu. Yote miwili mizima.

Dripu za sukari zilikuwa zimekwisha. Akakoroga sukari ya chai yake mwenyewe, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka macho yakatulia. Kisha akaenda kwa msimamizi wa wodi, akaeleza yote, akataka kosa liripotiwe.

Msimamizi alifunga mlango kwanza. Akamkumbusha habari ya muuguzi wa wodi ya watoto, aliyesema ukweli akasimamishwa kazi, na watoto wakabaki bila mtu.

"Bibi si mzima? Basi meza, mdogo wangu. Sita Juu kadungwa, yamekwisha."

Akameza.

Aliporudi, bibi alimshika kiganja, akaitangazia wodi kwamba bila binti huyu saa hizi angekuwa mochwari anapigwa baridi. Watu wakacheka. Muuguzi hakujua aweke wapi uso wake.

"Bibi," alisema chini chini, "mimi ndiye niliyekudunga dawa isiyo yako. Nilidhani wewe ndiye mwenzako."

Bibi hakuuachia mkono. Akageuza shingo polepole kutazama upande wa pili wa kitanda, ambako mwenzake alikuwa amelala tangu asubuhi, midomo imemkauka, akiomba maji tu.

"Na yeye je, mjukuu wangu? Ya kwake kapewa?"

Ufunguo wa kabati la dawa alikuwa nao msimamizi, na kwa hesabu yake Sita Juu alikwisha kudungwa. Muuguzi aliurudia mlango ule ule. Safari hii aliingia akauacha wazi.