Uamue Mwenyewe

...na kipimajoto kinasema sifuri, sifuri kamili, joto baya kuliko yote, maana nta ya buluu itateleza kilimani, na nyekundu itakusanya theluji madonge madonge chini ya skii, hizi mbao ndefu za kutelezea thelujini, mpaka utembee kama mtu aliyevaa matofali, basi zambarau, napaka zambarau, nasugua kwa kizibo, mbele, nyuma, na nimeshamjibu, sasa hivi tu nimemjibu, "Uamue mwenyewe," nimesema, jibu zuri, jibu ambalo kila mama katika bonde hili angelitoa, kwa nini basi binti yangu Tiril bado amekaa kwenye ngazi ya chumba hiki cha chini, buti moja mguuni, jingine mkononi, miaka kumi na mitano na nusu, simu yake kimya kwa mara ya kwanza wiki nzima... leo ndiyo siku ya mwisho ya kuomba nafasi katika sekondari ya juu, nalijua hilo, nimeliandika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni, kuna shule ya hapa bondeni, nusu saa kwa basi, na kuna ile ya pwani, ng'ambo ya mlima, wanakofundisha ufundi wa mitambo mizito, mwendo wa saa tano kwa gari ikiwa barabara ya mlimani haijafungwa, na huko atapanga chumba, atajipikia, atajifulia, mtoto wa miaka kumi na sita, ndivyo wanavyofanya watoto wa huku tangu zamani na hakuna anayelia, "Bibi anasema na nta hiyo hatufiki popote," anasema Tiril, nami nasema bibi yako hajapanda skii tangu awekewe nyonga ya chuma, anacheka kidogo, na mimi nasugua.

Nimechoka, Jumapili asubuhi na nimeshachoka, lakini Jumapili ukibaki ndani na jua linawaka watu watadhani unaumwa, Oddlaug wa nyumba ya juu angekuja kugonga, kwa hiyo tunatoka, machungwa, thamosi, mkate wenye jibini ya kahawia, panda kilima, kaa juu ya begi, kula, shuka, hayo ndiyo tunayaita mapumziko, na kweli ningeweza kununua zile skii zenye manyoya chini, hazitaki nta, Steinar ameniambia mara ishirini, ila Steinar yuko kwenye mtambo wa mafuta baharini, na mume wa baharini ana ushauri mwingi, yeye hajui kwamba kupaka nta ndiyo nusu saa pekee ya wiki ambayo hakuna anayeniuliza soksi ziko wapi... nilimweleza habari ya pwani alipopiga simu jana, akasema mtoto aamue mwenyewe, tukaendelea na habari ya upepo, habari ya upepo ikachukua dakika kumi... hali ya hewa tunajua kuizungumzia, mengine tunayaacha yajiseme... na huko pwani hata "mimi" wanaitamka kwa namna yao, nchi ya watu milioni tano na ushei na hatujakubaliana namna ya kusema "mimi", kila bonde na lake, tunajivunia hilo, lakini Krismasi atarudi na "mimi" ya watu wengine mdomoni, Bibi atamtania mezani, ingawa sasa hivi nusu ya siku anaongea Kiingereza na wenzake wa michezo ya kompyuta ambao hajapata kuwaona, anacheka kwa Kiingereza, anatukana kwa Kiingereza, namsikia nikiwa nafuma sweta chini ya chumba chake, huenda hata ndoto...

"Nilipotaka kuacha kinanda ulisema hivyo hivyo," anasema. Nasema ndiyo, na si uliamua? "Na nilipotaka kutoboa pua." Na pua pia. "Mama, nikikwambia nahamia mwezini utasema niamue mwenyewe, halafu utanifungia mkate wa njiani." Nacheka, maana ni kweli, ningemfungia, na karatasi kati ya vipande, lakini yeye hacheki, anaangalia buti, na nataka kumwambia kwamba hiyo ni heshima, mtoto, unampisha mtu apite, humwekei mkono begani, ndivyo nilivyolelewa... Mama yangu, huyo huyo mwenye nyonga ya chuma, nilipomuuliza kama niende shule ya mbali alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa, "Uamue mwenyewe," nikaamua, nikaenda, chumba juu ya saluni, harufu ya dawa za nywele katika kila sweta, samaki wa kopo, na kila Ijumaa niliyobaki huko badala ya kurudi nyumbani nilijiambia hawanihitaji, kinywa kimoja kimepungua, miaka mitatu nilijiambia hivyo na sikuuliza, kuuliza kungekuwa kama kuomba, halafu Krismasi iliyopita, miaka thelathini baadaye, tunakula, akasema tu, kama mtu anayetaja mvua, "Wakati ule mimi nilitaka ubaki," kisha akaomba nimsogezee bakuli, nikamsogezea, hilo ndilo nililofanya, nilimsogezea bakuli, na usiku nikawa siwezi hata kukasirika, maana nimkasirikie nani, mwanamke aliyefanya kama alivyofanyiwa... na sasa huyu hapa kwenye ngazi, hasogei, hasubiri ruhusa, ruhusa anayo, anasubiri kujua kama kuna mtu atakayeona amekosekana, na nikinyamaza atakipeleka kimya changu pwani, atakiweka katika chumba cha kupanga, ataishi nacho mpaka awe na uchovu kama wangu...

"Tiril," nasema, na mikono inaendelea kusugua kwa sababu haijui kufanya kingine, "mimi sitaki uende."

Anainua uso. "Kumbe," anasema, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya nyumba ya jirani, "mbona hukusema?" na mimi nakiweka kizibo chini, namwona, bado kakaa palepale na buti lake, naona mabega yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo, naona kwamba atakwenda, ataijaza fomu leo, atakwenda kwa wepesi kuliko ambavyo angekwenda dakika tano zilizopita, na mimi ndiye niliyemrahisishia, basi, na iwe hivyo, Ijumaa atakayobaki huko atajua kwamba kuna nyumba inayolalamika kwamba hayupo.