Mwanamke Mwenye Ufagio

Dhahabu ya kitabuni haing'ai yenyewe. Lazima mtu aisugue kwa jino la mbwa lililofungwa kwenye mpini, ameinama mpaka kiuno kiseme basi. Hapa mtaa wa Wayahudi wa Jirona mtu huyo ni mimi, Tolrana. Kaka yangu Astruk huandika maneno, mume wangu Bonjuha alikuwa akichora, na mimi nasugua. Wenye kusifiwa ni wao.

Mwaka mmoja tulikuwa na kitabu cha sala za Pasaka kilichoagizwa na Bwana Shealtiel, na ukurasa aliouchora Bonjuha mwisho ndio uliopendeza kuliko zote. Aliuchora macho yakimfifia, pua karibu iguse ngozi ya ukurasa. Wanawake wanasafisha nyumba kabla ya sikukuu, wanatafuta makombo ya mkate wa chachu wayatoe nje. Mmoja amesimama mlangoni na ufagio, bega moja limeshuka, uso umechoka kabisa. Nikamuuliza ni nani huyo.

"Nani mwingine?" akasema. "Kwani nimeoa wangapi?"

"Basi si ungenipunguzia uchovu kidogo?"

"Rangi ya kuupunguza huo bado haijatengenezwa."

Baada ya hapo hakushika tena brashi. Kifua kilimbana, macho yakazimika, akawa mtu wa kitandani. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa ukurasa ule, jinsi wajukuu wa Shealtiel watakavyoufungua kila Pasaka. Sisi hatukujaliwa watoto. Hakuwa na kingine cha kuacha.

Kosa nililiona nikiipitia dhahabu mara ya mwisho, kabla kitabu hakijashonwa. Nyuma ya ukurasa huohuo, katikati ya baraka, Astruk aliruka mstari akaliandika Jina la Mungu mahali pasipo pake. Neno jingine lolote ningelikwangua kwa kisu, likasahaulika. Jina halikwanguliwi, ni mwiko. Ukurasa uliokosewa Jina hutolewa kitabuni, ukatiwa kwenye mtungi wa sinagogi pamoja na maandishi makuukuu, yakingoja kuzikwa.

Nilichukua kisu. Astruk hakuwa ameona, Bonjuha haoni tena, na Shealtiel anasali kwa kukariri. Mkwaruzo mmoja tu, na kazi ya mume wangu ingebaki duniani. Nikaweka ncha kwenye ngozi, mkono ukakataa. Nilikaa pale nikimkasirikia Astruk, kisha nikamkasirikia na Mwenye Jina mwenyewe, maana naye angeweza kuliangalia Jina lake vizuri zaidi. Hata nguvu ya kulia sikuwa nayo.

Nikaenda kumwambia Bonjuha.

"Shemeji anaandika kama mtu aliyeacha chungu motoni," akasema. "Kisu ulikishika?"

"Nilikishika."

"Enhe?"

"Nikashindwa."

"Afadhali. Ungekwangua, ningelala vipi na dhambi hiyo humu ndani?"

Akageukia ukutani, nikaona mabega yanatikisika. Nilimwacha alie.

Alipotulia akasema, "Usiupeleke mtungini. Maandishi kama hayo si huzikwa ubavuni mwa msomi anapokufa? Kamuulize rabi kama mchora mafagio anatosha."

"Usiongee hivyo, mume wangu."

"Nenda kaulize, bibie. Mimi sina haraka, chenye haraka ni kifua."

Rabi alikuna ndevu, akatazama ile picha, akanitazama na mimi. Akasema anatosha.

Bonjuha alifariki kabla ya Pasaka. Tulimzika na ukurasa wake ubavuni, umekunjwa ndani ya chungu cha udongo. Astruk alilia kuliko watu wote, na sikuwa na moyo wa kumgombeza.

Ukurasa mpya ulichorwa na fundi kutoka Barselona. Mwanamke wake wa ufagio ni mnene, anacheka, na ni wazi hajawahi kufagia hata kibaraza. Watu wanamsifu sana. Dhahabu yake niliisugua mimi.

Yule wa Bonjuha yuko chini ya udongo, bega limeshuka, ufagio mkononi, vumbi halijamwishia. Jioni ninapoinuka na kiuno changu, nikapika chakula cha mtu mmoja, namwonea wivu. Yeye amebaki naye.