Betri ya Gari la Baba

Mwoka keki alizungusha ufunguo, gari likajibu "tik". Akajaribu tena. Tik. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na keki ya harusi ya ngazi tatu, imefungwa mkanda kama bibi harusi mwenyewe, na krimu haina subira na jua.

Gari lilikuwa la baba yake. Mzee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu tangu kabla binti huyu hajazaliwa, mpaka ugonjwa wa macho ulipomnyang'anya nuru kidogo kidogo na daktari akamwambia usukani basi. Alimkabidhi binti yake funguo bila neno, akahamia chumba cha nyuma nyumbani kwake. Tangu hapo maneno yake yakawa "nimeshiba, mwanangu" na "msijisumbue".

Fundi wa umeme wa magari akaitwa haraka. Gereji yake ilikuwa mtaa wa pili, na kila mtu alimjua kwa jina la Cheche. Aliunganisha nyaya kutoka betri ya gari lake, injini ikanguruma, keki ikafika salama. Baadaye mwoka keki akapitia gereji.

"Dada, betri hii imemaliza safari yake," Cheche alisema, akimwonyesha ubavu uliovimba na unga mweupe uliojaa kwenye vichwa vinavyofungiwa waya. "Kuiongezea maji sasa ni kumpaka marehemu poda."

Wakaenda dukani pamoja. Muuzaji alisifia betri moja kubwa, inang'aa. Cheche akaiinua, akasoma tarehe yake, akairudisha. "Hii imelala rafuni mpaka imeota ndevu. Tupe iliyotoka kiwandani karibuni, ukubwa uleule wa zamani, na kichwa cha chanya kiwe upande uleule. La sivyo waya haufiki."

Kabla ya kuifunga, aliomba magadi ya kuokea ili asafishe ncha za nyaya. Mwoka keki akamletea kopo kutoka kwenye vifaa vyake garini. Fundi akakoroga na maji, akamwagia, povu likafumka.

"Kumbe yanaumua hata huku!" mwoka keki akacheka.

Cheche akafunga waya wa chanya kwanza, wa hasi mwisho, akapaka grisi. Gari likawaka kwa mguso mmoja.

Hazikupita siku nyingi. Tik.

Safari hii mwoka keki alikwenda gereji kwa miguu, amefura kama andazi. "Umeninunulisha maiti, Cheche!" alisema mbele ya wateja. "Kumbe na wewe ni mwizi kama wengine?"

Cheche alichukua mita yake ya kupimia umeme, akamfuata hadi nyumbani, akaliamsha gari kwa nyaya, akapima likiwa linanguruma. Betri ilikuwa inachajiwa vizuri. Akalizima, akapima tena kuona kama kuna umeme unaovuja. Hakuna.

"Betri haina kosa, dada. Kuna kitu kinaachwa kinawaka. Taa, redio, sijui."

"Mimi si mtoto. Nikishuka nazima kila kitu."

"Basi sina la zaidi," alisema Cheche, akakusanya vifaa vyake. Hakuagwa wala hakushukuriwa.

Siku iliyofuata mwoka keki alitoka kwa miguu kwenda kwa mteja wa jirani, asimkute, akarudi mapema. Alipofungua geti alisikia redio. Taa kubwa za gari zilikuwa zinawaka mchana kweupe, na feni inavuma. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha dereva, mikono miwili juu ya usukani, akisema peke yake: "Taratibu... mlima huu hauna adabu. Gia ya pili. Haya, panda, mama, panda."

"Baba?"

Mzee alishtuka kama aliyefumaniwa. Akapapasa, akazima redio, feni na taa, akachomoa ufunguo. Ulikuwa ule wa akiba aliobaki nao, ukining'inia kwenye kidole chake.

"Kumbe ni wewe unayemaliza betri?"

"Injini siwashi," alisema haraka. "Nakaa tu."

"Lakini kwa nini huku, baba? Ndani kuna redio, kuna kiti kizuri."

"Ndani ni kwako, mwanangu. Wateja wako, jiko lako, mimi napishana na trei. Sikulaumu, unanitunza. Ila humu..." Akapiga usukani polepole kwa kiganja. "Humu najua kila kitu kilipo."

Mwoka keki alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi kiti cha abiria. Kisha akasema, "Nimemwita Cheche mwizi."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Ah! Mtoto wa watu umemvunjia heshima bure, na kosa ni langu. Nipeleke nikamwombe radhi."

"Twende. Lakini mwenye ulimi ni mimi."

Wakaenda wameshikana mkono. Mwoka keki akaomba radhi mbele ya wateja waliokuwepo, mzee naye akaeleza yake. Cheche alimtazama mzee, uso ukalegea. "Yaishe, mzee wangu. Mimi nilidhani panya ndio wanawasha taa." Akawafuata nyumbani, akaliamsha gari. "Sasa msilizime haraka. Lipelekeni mbali kidogo lijaze betri."

Mwoka keki akashika njia ya kutoka mjini, mzee pembeni yake, kioo kimeshushwa, upepo unampiga usoni.

"Injini inalia, huisikii? Badilisha gia!"

Akabadilisha.

"Na breki unakanyaga kama unaua mende."

"Baba, nikushushe basi?"

Mzee akacheka kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu ahamie kwake. Tangu siku hiyo hakuna keki iliyotoka bila yeye. Hukaa kiti cha nyuma, mkono mmoja juu ya boksi, akilaani mashimo ya barabara moja moja. Kwenye harusi moja mwenyeji aliuliza mzee huyu ni nani.

"Dereva," mzee akajibu mwenyewe. "Huyu binti ananishikia usukani tu."