Georgette wa Mama Berthe

Hilaire alirudi Kisangani kwa meli ya mtoni, amevaa viatu vilivyombana na miwani ambayo bado alikuwa akiisahau usoni. Huko Léopoldville alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mmoja wa wale weusi wachache ambao Wabelgiji walikubali waingie. Wenzake walichagua udaktari au kilimo. Yeye alichagua shule yenyewe: kwa nini imejengwa hapa na si pale, nani anaingia, nani anabaki nje, na nani aliyeamua iwe hivyo.

Alifikia mtaa wa Kabondo kwa mama Berthe, mdogo wa marehemu mama yake. Jamaa yao ilitoka Maniema zamani. Mama Berthe alimsikiliza akieleza masomo yake, kisha akasema:

"Bon. Kumbe uko nasoma shule ndani ya shule. Kama mutu mwenye kupika chungu."

"Ni hivyo, mama mudogo. Mutu akipika kila siku, siku moja lazima aangalie chungu."

"Na ukikuta imetoboka?"

"Njo kazi yangu, kusema imetoboka wapi."

Mwaka ule wa 1957 profesa wake alimtuma aandike kwa nini watoto wa Waislamu wa Kisangani hawaonekani shuleni. Akiandika vizuri, profesa angemfanya msaidizi wake. Katika idara ile hakuna mweusi aliyewahi kupata nafasi hiyo, na Hilaire aliitaka mpaka usingizi ulimpungua. Jibu alikuwa nalo tangu ndani ya meli: Waislamu hawapendi shule. Mapadri walisema hivyo, makarani walisema hivyo. Hata yeye, aliyekua ua kwa ua pamoja na Waislamu, akila nao pilau ya Idi, alilikuta neno hilo kinywani mwake na hakujiuliza nani alimtilia.

Basi akaenda shule ya masista kuuliza. Sista mkubwa alimpokea vizuri, akampitisha darasani. Alipofika mbele akamwinua msichana mmoja mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa kwa uzi.

"Huyu ndiye wa kwanza darasani," akasema sista. "Lakini wewe unamjua kuliko mimi. Ni Georgette, mtoto wa mama yako mdogo Berthe."

Hilaire aliwajua watoto wote wa mama Berthe. Walikuwa wavulana, na mdogo wao alishaota ndevu. Msichana alimkazia macho, wala hakutetemeka.

"Bonjour, kaka," akasema.

Sista alikuwa akitabasamu, akingoja.

"Bonjour, Georgette," akajibu.

Alimkuta mama Berthe nyuma ya nyumba, akifunga samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, katika majani kutengeneza liboke.

"Mama mudogo, huyu Georgette ulimuzaa lini?"

Mama Berthe hakuinua kichwa. "Wakati ulikuwa Léo. Haukupata habari?"

"Iko na miaka kama tisa."

"Habari inachelewa kwa huu muto."

Hilaire akacheka bila kutaka. Ndipo mama Berthe akapangusa mikono na kumweleza. Mtoto yule aliitwa Safi. Alikuwa binti wa Aziza, jirani wa ua wa pili, na wa Amuri mshona kanzu, ambaye wazee wake walifika hapa na wafanyabiashara wa zamani kutoka pwani. Shule zote zilizokuwa karibu zilikuwa za misheni, na misheni iliuliza ubatizo. Ndiyo sababu mama Berthe aliwaambia masista kwamba mtoto ni wake, amebatizwa Maniema, mbali. Kila asubuhi Safi aliingia kwa mama Berthe na kitambaa kichwani, akatoka Georgette na nguo ya shule. Mchana Georgette alitundikwa kwenye msumari, na Safi akarudi kwao.

"Na dominika?"

"Anaenda misa na mie. Anaimba kunipita. Na si yeye peke yake iko hivyo Kabondo hii. Uliza Adèle, uliza na mama Augustine. Kila mumoja iko na mutoto hakumuzaa."

Kwanza Hilaire alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuandika jambo kama hili. Waislamu wasiopenda shule, kumbe wanaipenda mpaka kumwazima jirani mtoto wao, aitwe jina jingine. Aliona tayari uso wa profesa akisoma ukurasa huo.

Kabla liboke haijaiva, Aziza alikuja mwenyewe. Safi alikuwa amekwisha kumweleza. Alikaa kwenye mkeka, akamsalimu Hilaire polepole, akauliza habari za safari na za afya. Kisha akasema:

"Mwanangu Hilaire, utaandika nini?"

"Sitaandika jina ya mutu, mama Aziza. Nitasema tu kama iko watoto hivi."

"Nani atasoma?"

"Padri mukaguzi wa mashule kwanza. Bila sahihi yake, kazi haifiki kwa profesa."

"Alors padri atamwambia sista. Na sista si mujinga. Kesho yake atapanga watoto wote, atauliza kila mumoja nani alimuzaa. Shule ya Safi yangu itaisha hapo."

Hilaire alifunga daftari lake.

"Basi nitaacha. Sitasema kitu juu yao."

"Na juu yetu utasema nini?"

Aliona haya kulitamka, lakini alilitamka: "Waislamu wa Kisangani hawapendi shule."

Aziza alimwangalia mama Berthe, mama Berthe akaangalia moto.

"Na serikali ikisoma hivi," Aziza akasema taratibu, "itajenga shule kwa watu hawapendi shule?"

Samaki walitolewa, wakala pamoja, wala hakuna aliyerudia neno hilo. Hilaire hakusikia ladha. Akisema kweli, angewafungia watoto walio ndani. Akinyamaza, angewafungia walio nje.

Siku zilizofuata alikwenda barazani kwa Amuri, ambapo wanaume walikaa baada ya sala. Hakuwauliza tena kwa nini hawapeleki watoto. Aliuliza:

"Papa Amuri, ile siku ulipeleka mutoto wa kwanza shuleni, walikuuliza nini mbele ya yote?"

Mguu wa Amuri ulisimama kwenye cherehani. Swali hilo alikuwa hajapata kuulizwa.

"Waliuliza dini."

"Na wewe?"

"Nikamushika mutoto mukono, tukarudi."

Mzee Asumani, aliyekaa kando yake, akaeleza yake, na wengine yao, mpaka jioni. Hilaire akayaandika yote. Hayo yalikuwa ya watoto waliorudi. Ya walioingia hakuyagusa.

Padri mkaguzi alisoma kazi hiyo ofisini kwake katika mtaa wa Makiso, Hilaire amesimama mbele yake.

"Nilifikiri utaandika juu ya Waislamu," padri akasema. "Umeandika juu yetu."

"Nimeandika juu ya swali la kwanza, mon père."

"Na hakuna hata mmoja aliyeingia? Kwa njia nyingine?"

Hilaire alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Wazee niliowauliza walirudi nyumbani na watoto wao, mon père."

Padri alitia sahihi, akaongeza maneno yake chini. Nafasi ya msaidizi alipewa mwingine. Profesa alimwambia kazi yake ina moyo, lakini haikuonyesha kwa hakika kwamba Waislamu wanataka shule. Hilaire akainamisha kichwa. Hakika ilikuwa ikipita uani kwa mama Berthe kila asubuhi, ikiimba kwa Kifaransa.

Mwaka wa 1959 alirudi Kisangani kuwa mwalimu. Serikali ilikuwa imefungua shule isiyouliza dini karibu na Kabondo, akawekwa hapo. Kama kurasa zake zilisaidia, hakuna aliyemwambia.

Siku ya kuandikisha watoto, wazazi walijaa tangu alfajiri, kanzu na vitenge pamoja. Katikati yao akamwona msichana mrefu, nguo ya shule ya masista mwilini, ameshika mkono wa mtoto mdogo. Safi alikuwa amebakiza mwaka mmoja kwa masista, na alitaka kumaliza alipoanzia.

"Bonjour, kaka."

Watu walikuwa wengi, na masikio mengi.

"Bonjour, Georgette," Hilaire akajibu. Kisha akainama kwa yule mdogo. "Na wewe, unaitwa nani?"

Mtoto alifungua kinywa, akakifunga, akamwangalia dada yake.

"Hapa," Safi akamwambia, "sema jina ile ya nyumbani."