Chumba cha Juu ya Jiko

Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono yote miwili kaiegemeza ukutani, kaziba njia. Chini yake Mossie, fundi bomba, alikuwa ameduwaa na msumeno mkononi kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya msiba bila kujua.

"Huku hupandi, Mossie."

"Bi Concepta, mimi nafuata maji tu. Yanakotaka kwenda, ndiko niendako."

"Basi yaambie yaende kwingine."

Ilikuwa Oktoba, huko kwetu Leitrim, na mvua ilikuwa imeshasahau namna ya kuacha. Nilikuwa nimerudi kutoka Dublin kwa sababu daktari alisema kifua cha baba hakitavumilia majira mengine ya baridi katika nyumba ile. Ukuta ulitoka jasho. Shuka ulizilalia zikiwa na umande, na viatu vilivyoachwa chini ya kitanda viliota ukungu kabla ya Jumapili kurudi. Kwa hiyo baba akauza ndama, akanunua jiko kubwa la chuma lenye tangi la maji nyuma ya moto. Moto mmoja wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukata na kuukausha uwe kuni, ungechemsha viazi, ungeoka mkate, na maji yake yangezunguka nyumba nzima kupasha vyumba joto.

Ramani waliipanga mezani, yeye na Mossie, kwa vijiko na uma. Kikombe kilikuwa tangi la juu, sahani ilikuwa jiko.

"Maji ya moto yanataka kupanda," Mossie alisema, akisogeza kijiko. "Yakipoa yanashuka yenyewe, yanarudi motoni. Hakuna pampu, hakuna umeme. Lakini bomba lipande bila kuinama popote. Ukilishusha kidogo tu, hewa inakaa hapo, maji yanasimama. Na moto wa mboji hauna swichi, Phelim. Maji yakisimama, yatachemka humo humo mpaka tangi lilipuke, tuokotane shambani kwa jirani."

"Na tukiweka pampu, tukazungusha upande wa pili?" baba aliuliza.

"Umeme wa huku? Ng'ombe akikohoa unakatika!"

Baba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja juu ya meza. Tulimngoja. Hakuna aliyesema kwamba juu ya jiko, pale pale kikombe kilipokuwa, ndipo kilipokuwa chumba cha Enda.

Enda alikuwa kaka yangu. Jukwaa la ujenzi lilimwangusha huko Coventry, na alirudi ndani ya sanduku ambalo hatukuruhusiwa kulifungua. Miaka mitatu mlango wake ulikaa umefungwa, na mama alikuwa amekunja blanketi kuziba nafasi ya chini. Aliingia peke yake, akatoka haraka, akafunga haraka, kama mtu anayezuia kuku wasitoke.

Siku ile ya ngazi, baba hakubisha. Alimtazama mama, akamgeukia Mossie.

"Rudisha vitu kwenye gari, bwana. Tumeghairi."

Jiko likabaki jikoni, jipya, baridi, na mama akawa anaweka juu yake kofia na magazeti. Novemba ikaingia. Nilimfuata baba zizini, nikamkuta ameegemea ubavu wa ng'ombe akitafuta pumzi.

"Baba, mwambie. Wewe atakusikiliza."

"Nimwambie nini, Dervla? Kwamba mimi ni bora kuliko mwanawe?"

Nilichukua ndoo ya maziwa, nikaondoka.

Asubuhi moja tulimsikia baba akihangaika na viatu vyake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kila akiinama, pumzi inakatika, anainuka, anajaribu tena. Mama alisimama mlangoni akitazama. Halafu akaingia, akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu vyote viwili. Alipotoka, alinikuta barazani.

"Nenda kwa jirani ukapige simu," alisema. "Mwambie Mossie aje na msumeno wake."

Blanketi alilitoa mwenyewe, na kitanda alikisogeza mwenyewe. Mossie alivua kofia mlangoni, na siku nzima hakutania hata mara moja. Alikata mbao za sakafu, akapandisha mabomba mawili ya shaba, akalisimamisha tangi kwenye kona palipokuwa na viatu vya mpira vya Enda. Jioni baba akawasha moto. Akaweka kiganja kwenye bomba.

"Yanapanda," alisema.

Nyumba ikaanza kugugumia na kulialia, chuma kikitanuka. Siku chache baadaye kuta zilikuwa zimekauka, na baba akaweza kulala chali. Alipata majira kadhaa ya baridi baada ya hapo, zaidi ya alivyoahidi daktari.

Wiki ile ile kuta zilipokauka, nilipanda na nguo za kuanika kando ya tangi. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kitandani kwa Enda, uso kaufukia kwenye koti la kaka yangu. Nilidhani analia. Aliinua kichwa, macho makavu.

"Njoo unuse."

Nilinusa. Sufu iliyopata joto. Vumbi kidogo. Harufu ya Enda haikuwemo.

"Sisikii kitu, mama."

"Ndiyo. Hata mimi." Akalilaza koti magotini, akalipapasa kola. "Baridi ndiyo iliyokuwa ikimtunza. Nilijua likiingia joto ataondoka."

Nilisimama na nguo mbichi mikononi, zikinilowesha kifua. Kutoka jikoni baba aliita, akiuliza kama aongeze mboji.

Mama alilitundika koti, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Usiguse, Phelim!" alijibu. "Kaa hapo hapo. Nakuja kutia mimi."

Akashuka.